Cheti cha Kriminolojia: Nani Ameomba Hiyo Karatasi?

Wasee, tuongee kuhusu hii kozi yenye bango lake liko kila mahali kutoka Donholm mpaka tao. Kriminolojia na Usimamizi wa Usalama. Cheti, miezi tisa. Kuna picha ya jamaa wa suti nyeusi na miwani, nyuma yake alama ya kidole imechorwa kubwa kama sahani. Chini wamepanga kazi utakazopata: polisi, upelelezi, magereza, mahakama, Umoja wa Mataifa. Karibu kila wiki mtu ananiandikia, "Buda, hii kitu inalipa ama ni kuchezwa?"

Jibu fupi ni hili: kozi yenyewe si uwongo, lakini wengi wanauziwa ufunguo wa mlango usio na hiyo kufuli. Jibu refu ndilo hili hapa chini, na naliandika kwa sababu saa hii pesa iliyo mezani ni ya mathe.

Mdogo wangu alifanya KCSE 2023 akapata D+. Tarehe 17 Novemba 2025, siku ya kuandikisha polisi nchi nzima, alikimbia na wenzake. Alimaliza kwa kundi la mbele na hakuchukuliwa. Wiki hiyo hiyo tangazo la kozi likampata kwa simu, na tangu hapo hajaongea kitu kingine. Mathe ako kwa chama cha akina mama wa ploti, na zamu yake ya kupewa inakaribia: 80,000. Anataka zote ziende huko.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kodi nalipa kwa kuhariri video na kuongea mbele ya simu. Kwa hivyo nikifungua mdomo kuhusu masomo, mathe ana jibu tayari: "Wewe uliyeshuka njiani usituelekeze stendi." Sawa. Nikaamua nisimletee maoni, nimletee hesabu.

Bei ya bango na bei ya ukweli

Tangazo linasema karo ni 22,000 kwa muhula. Mathe akapiga mara tatu, 66,000, akaona chama kinatosha na chenji inabaki. Nikapiga simu chuoni nikijifanya mzazi. Kumbe usajili ni 2,000, kitambulisho 500, mtihani 7,500, na kutafutiwa mahali pa mafunzo kazini 5,000. Tayari ni 81,000. Chama kimeisha na dogo hajapanda hata matatu.

Sasa mpandishe matatu. Umoja hadi tao na kurudi, weka 200 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 36. Hiyo ni 36,000. Chakula cha mchana cha 100, siku 180, ni 18,000. Tumefika 135,000.

Halafu kuna ile pesa hakuna mtu huhesabu, ya kazi atakayoacha. Dogo anaosha magari na siku ya kawaida anarudi na 500. Siku 180 bila hiyo ni 90,000. Jumla ni 225,000. Hata useme ataosha magari wikendi na likizo, bado unacheza na pesa karibu mara tatu ya chama cha mathe.

Sisemi ni nyingi au ni kidogo. Laki mbili kwa kitu kinachokuingiza kazini ni bei poa. Swali ni kama kinakuingiza. Ndio nikachukua orodha ya bango nikaanza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine.

Kila mlango na ufunguo wake

Polisi. Kuwa konstebo wanataka uwe raia wa Kenya, miaka 18 hadi 28, D+ ya KCSE na D+ ya Kiingereza au Kiswahili, afya njema na rekodi safi. Wanapima urefu, wanaangalia mwili, unakimbia. Kriminolojia haimo kwenye masharti. Sheria utafundishwa huko huko Kiganjo ukishachukuliwa, na wanakulipa ukifundishwa. Siku ile ya Novemba watu waligombania nafasi 10,000, na dogo anakumbuka kila kitu alichoulizwa. Hakuna aliyemuuliza kama ana cheti cha usalama.

Na tuambiane ukweli, shida ya kuingia polisi nchi hii haijawahi kuwa uhaba wa vyeti. Mwaka 2014 IPOA, ile mamlaka huru ya kuangalia kazi ya polisi, ilipeleka kortini usajili wa makurutu 10,000, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaufuta kwa sababu ya ufisadi na kasoro zilizokuwa ndani. Rufaa nayo ikaanguka 2015. Wenye waliachwa nje mwaka huo hawangeokolewa na karatasi ya miezi tisa.

Ukishaingia je, karatasi inakupandisha? Inaweza kusaidia, lakini si moja kwa moja. Mwaka 2018 makonstebo waliokuwa wakilipwa kiwango cha inspekta kwa sababu ya digrii zao walipunguziwa mshahara, mpaka vita ikafika kortini. Hao walikuwa na digrii.

Upelelezi. Ile picha ya alama ya kidole inauza hii ndoto zaidi ya zote. Lakini kwa njia ya kawaida, mpelelezi wa DCI anaanza kama polisi, kisha anachaguliwa na kufundishwa zaidi. Ile maabara kubwa ya uchunguzi iliyofunguliwa 2022 Kiambu Road, kazi yake ya DNA na sumu inataka watu waliosoma baiolojia na kemia. Kama hiyo ndiyo inakuita, ulipaswa kupenda kemia, na bado unaweza kuianza.

Magereza wana usajili wao na chuo chao Ruiru, na mpangilio unafanana na wa polisi. Afisa wa probesheni, yule anayeandika ripoti kumsaidia hakimu kuamua kama utafungwa au utatumikia kifungo cha nje, tangazo la kazi yake linataka digrii. Wakili ni digrii ya sheria, halafu Kenya School of Law kule Karen, halafu mitihani. Umoja wa Mataifa nitauruka, tusichokozane.

Inabaki walinzi, na hapa ndipo wengi wa darasa hilo huishia. Sheria ya 2016 ilileta PSRA, mamlaka ya kusimamia usalama wa kibinafsi, na inataka mlinzi asajiliwe, achunguzwe na awe amepata mafunzo yanayotambuliwa. Kwa hivyo kabla ulipe uliza: hii kozi yenu inatambuliwa na PSRA? Kama hapana, utalipa mafunzo mara mbili kwa kazi ile ile. Na pesa yake je? Mwaka 2024 PSRA ilitangaza walinzi wasilipwe chini ya 30,000. Kampuni zikakataa, jambo likaishia kortini. Kibarua wa kawaida Nairobi, kima cha chini cha Novemba 2024 kiliwekwa 16,113.75. Chukua ile 225,000 uigawe kwa mshahara kama huo: ni mwaka na miezi miwili, ukifanya kazi bila kula wala kulipa kodi, ndio urudishe ulichotumia.

Nikamwonyesha mathe. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Sasa kama haina maana, kwa nini inafundishwa?" Swali safi sana, na lina jibu.

Inasaidia nani

Kuna watu watatu ambao ningewaambia waende bila kusita.

Wa kwanza ni mtu aliye ndani tayari. Mlinzi wa miaka minne benki au hotelini, anajua kazi lakini ripoti inamlemea, na wadhifa wa msimamizi unataka cheti. Huyo anajua nani ameomba hiyo karatasi. Ni bosi wake, na ofisi yake anaijua. Na huyo asikimbilie kulipa mwenyewe. Waajiri hulipa ushuru wa mafunzo kwa NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wanaweza kudai kurudishiwa gharama wakimpeleka mfanyakazi kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Ofisi za NITA ziko Industrial Area, hapo tu ng'ambo ya Jogoo Road. Wengi wetu tumefanya kazi miaka bila kuambiwa hii.

Wa pili ni mtu anayepanda ngazi ya masomo. Kwa KUCCPS, cheti ni kuanzia D, diploma C-, digrii C+. Ukiwa na D+ kama dogo, cheti kinaweza kukupeleka diploma, na diploma ikupeleke digrii, na digrii ndiyo inagonga ile milango ya probesheni. Hiyo ni ndoto halali kabisa. Lakini ni safari ya miaka mingi, na kila daraja lazima likubaliwe na daraja la juu. Enda kwa chuo unachotaka kufanyia diploma, uwaulize kwa maandishi kama wanakubali cheti cha kile chuo cha kwanza. Wakikuambia "usijali" kwa mdomo, jali. Na kama uko na C-, mbona wanakuandikisha cheti? Diploma tayari ni daraja lako.

Ukiamua kupanda ngazi, angalia pia taasisi za umma. Karo ya kozi za kiufundi huko iliwekwa 67,189 kwa mwaka, na unaweza kuomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB. Kama kriminolojia haipo kwa orodha yao, hapo ndipo ujiulize kama unataka kriminolojia ama unataka kazi.

Wa tatu ni mtu mwenye pesa na hamu, anayetaka tu kuelewa kwa nini watu wanavunja sheria. Msome kwa amani. Elimu si lazima ilipe. Lakini usiisome na pesa ya chama cha mamako.

Kwa nini tunaipenda hivi

Hapa ndipo hesabu zangu zilikwama, kwa sababu dogo hakuwa anatafuta mshahara peke yake.

Mwaka juzi jioni moja alikuwa anatoka mpira Umoja Innercore na maboyz wanne. Gari la polisi likasimama, wakabebwa. Hakuna aliyeambiwa kosa. Mathe alikesha nje ya kituo na leso mabegani, mimi nikipiga simu kwa kila mtu niliyedhani anajua mtu. Asubuhi wakaachiliwa kama vile hakuna kitu kilitokea. Hakuna karatasi, hakuna maelezo. Njiani tukirudi hakuongea mpaka tukafika lango la ploti, ndio akasema, "Siku moja nitakuwa upande ule mwingine wa dawati."

Ukikulia Eastlands unajua hiyo sentensi bila kufafanuliwa. Mfumo wa haki tunaujua kutoka chini: msako, seli, bondi, kesi ya jirani, mazishi ya kijana wa base. Kayole, Dandora, Mathare, kila mtaa una majina yake. Kwa hivyo mtu akileta kozi yenye neno "haki" ndani yake, hauzi masomo tu. Anauza kutoguswa tena. Hiyo hamu naiheshimu, na ndiyo sababu inaniuma ikigeuzwa bango.

Lakini angalia hiyo usiku yenyewe. Ni kitu gani kingetusaidia? Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema ukikamatwa lazima uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza, kuongea na wakili, na kupelekwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama muda umeishia wikendi au nje ya saa za kazi. Hiyo ni nusu ukurasa. Iko bure, kwa Kiswahili pia. Usiku ule hakuna mtu kati yetu aliyeijua vizuri kiasi cha kuitamka mbele ya dawati. Sisemi tungefunguliwa mlango. Nasema hiyo elimu haikuhitaji 81,000.

Siku tatu Makadara

Nikampa dogo wazo. Mahakama ya Makadara iko hapo Jogoo Road, na kesi husikizwa hadharani, mtu yeyote anaweza kukaa nyuma akanyamaza. Nikamwambia, kabla tulipe miezi tisa, tukae siku tatu.

Tulikaa Jumanne hadi Alhamisi. Tuliona watu wengi wakisimama kizimbani bila wakili. Mkalimani anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili haraka haraka, mshtakiwa anaitikia kwa kichwa kitu ambacho ukiangalia uso unajua hajakielewa. Tuliona mama akisikia kiwango cha dhamana na kuanza kuhesabu kwa vidole. Siku ya pili dogo aliacha kutazama askari. Alikuwa anatazama hao wa kizimbani.

Wakati wa lunch tulikuwa tunauliza watu wanaofanya kazi pale waliingiaje. Askari mmoja alicheka: "Mimi nilikimbia tu." Afisa wa probesheni, digrii. Karani akatuambia tusubiri tangazo la kazi la Mahakama tusome masharti wenyewe. Mlinzi mmoja wa jengo la karibu alikuwa na cheti kile kile cha kriminolojia, alikifanya akiwa kazini na sasa ni msimamizi wa zamu. Huyo alituambia kilimsaidia, na hakuna sababu ya kumbishia.

Aliyemkamata dogo roho ni dada mmoja msaidizi wa kisheria. Kazi yake ni kusaidia familia za walio rumande: kueleza mashtaka, kutafuta wadhamini, kuandika barua. Alianza kwa kujitolea kwenye kituo cha haki cha mtaani, akapata mafunzo baadaye. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua watu kama yeye, na Kenya School of Law ina diploma ya kazi hiyo. Mshahara wake si wa kupiga picha nao, alituambia hivyo mwenyewe. Lakini huyo yuko upande ule mwingine wa dawati, na hana bunduki.

Kabla ulipe

Nimeandikia dogo maswali manne nyuma ya risiti. Yachukue na wewe, hata kama kozi yako si kriminolojia.

Moja: nani ameomba hii karatasi? Leta tangazo la kazi moja, la kweli, la karibuni, lenye jina la kozi hii ndani ya masharti. Broshua ya chuo si tangazo la kazi.

Mbili: nani anakitambua chuo? Taasisi za mafunzo ya kiufundi zinasajiliwa na TVETA, vyuo vikuu na CUE. Angalia chuo na uangalie kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi ikakosa idhini. Uliza pia nani anatunga mtihani.

Tatu: jumla ni ngapi? Si karo peke yake. Weka usajili, mtihani, nauli, chakula, na kazi utakayoacha. Waambie wakupe ada zote kwa karatasi yenye muhuri.

Nne: waliomaliza mwaka jana wako wapi? Omba kuongea na watatu. Si wale watatu wa kwa bango. Chuo kikikosa hata mmoja, umepata jibu bila kulipa.

Kuna kitu cha tano, cha bei rahisi: cheti cha tabia njema, 1,050 kwa eCitizen. Hiyo ndiyo karatasi ambayo kazi za usalama zinaiomba kweli, na dogo hakuwa nayo. Tumeshaweka ombi na amepeana alama za vidole.

Mathe bado hajanikubalia yote. Anasema mimi na hesabu zangu hatujui kukaa na kijana nyumbani kila siku ukimwona anazeeka na miaka ishirini, na hapo sina jibu la kumpa. Lakini ameongea na wenzake wa chama wakabadilishana zamu, yake sasa ni ya mwisho kwa mzunguko. Hiyo imempa dogo miezi mitano. Jumamosi anaenda kujitolea na yule dada, siku zingine anaosha magari, na usajili wa polisi ukitangazwa tena atakimbia, umri bado anao. Katikati ya hayo anatafuta mtu mmoja tu anayeajiri kwa sababu ya cheti hicho. Akimpata, nauli ya miezi tisa nitalipa mimi.